Mtoto wa Mbwa Katika Nyumba ya Wapangaji Wengi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dar es Salaam)



Wazee wetu wa pwani husema, "Ukicheza na mbwa atakufuata msikitini." Kila mmoja wetu amelisikia neno hili tangu utoto, na mara nyingi hutumiwa kumkanya mtu asijizoeze na wapuuzi. Lakini leo twaomba ruhusa yenu tulitazame kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani habari ya mbwa mwenyewe na mlango wa msikiti. Mkilitazama vizuri mtaona ya kuwa lawama haimwangukii mbwa. Mbwa amefanya alilofunzwa: amechezewa, akapendezwa, akafuata. Mwenye lawama ni yule aliyemfundisha kucheza asimfundishe kungoja. Juu ya jambo hilo la pili, yaani kumfundisha mtoto wa mbwa kuitika, kungoja na kujua mahali pake, ndipo tulipoombwa kusema maneno machache.

Twajua wako wanaojiuliza, makarani na mbwa wapi na wapi? Jibu lake ni fupi. Karani hutoka nyumbani alfajiri, hurudi jua linakuchwa, na mchana kutwa chumba chake hulindwa na kufuli tu. Wengi wetu tumechoshwa na wezi, tukashawishika kununua mtoto wa mbwa, kwa kuwa mlinzi huyu hadai mshahara wa mwezi wala haombi likizo. Kumnunua si vibaya. Lakini yafaa kwanza tuulizane, mnyama huyu twamleta mahali gani?

Kariakoo ilipata jina lake kwa wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, wale walioitwa Carrier Corps, ambao Waingereza waliwaweka kambini hapa baada ya kuutwaa mji Septemba 1916. Vinywa vya watu vikaligeuza jina lile mpaka likawa letu. Nyumba ya mitaa hii ni ile tuijuayo sote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba mkono huu na mkono huu, na ua nyuma palipo jiko, bomba na choo. Maghorofa yameziondoa nyumba nyingi za namna hiyo, lakini zilizobaki hazikubadili desturi zake, na hata ghorofani watu wameendelea kushiriki ngazi, varanda na kamba za kuanikia nguo. Katika nyumba ya vyumba sita waweza kukuta jamaa sita. Huyu asali sala tano, yule ana mtoto mchanga atambaaye, wa tatu apika vitumbua vya kuuza. Mwenye mbwa alipa kodi ya chumba kimoja, ila mbwa wake hutembea mbele ya milango sita.

Na hapa twataka kusema wazi jambo ambalo wafugaji wengi hulipita kwa kicheko. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi iliyo nzito. Chombo alichokilamba sharti kioshwe mara saba, na mara moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Basi mtoto wa mbwa anapotia ulimi katika beseni la jirani, au anapoirukia kanzu yake akienda sala ya Ijumaa, hilo si jambo la kusema "ni mtoto tu, anacheza." Ni kazi umempa jirani yako ambayo hakuiomba. Anayecheka hajapata kuosha sufuria mara saba siku ambayo bomba limekatika.

Lakini dini hiyo hiyo haikumfukuza mbwa katika kila jambo. Katika Surat al-Maida, aya ya 4, wametajwa wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na windo lao limehalalishwa. Wanazuoni wa madhehebu walipoeleza mbwa aliyefundishwa ni yupi, walitaja alama zake: akitumwa huenda, akikatazwa husimama, akikamata windo halili. Yatazameni mambo hayo matatu, Mabwana. Sisi hatuwindi digidigi Mtaa wa Msimbazi, lakini mafunzo yote ya mtoto wa mbwa ambayo vitabu vya siku hizi vyayaeleza kwa kurasa nyingi yamo mle. Tena mbwa aliyefundishwa amepewa daraja mbali na asiyefundishwa. Mwenye kumfundisha mbwa wake, hata akiwa si Mwislamu, ana neno la kumwambia jirani ambalo jirani atalielewa.

Haya, tuingie katika kazi yenyewe.

Mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama yake kabla ya majuma manane. Wako wauzaji wanaowatoa wakiwa na majuma matano, wakisema kwamba mdogo huzoea upesi. Si kweli. Katika majuma yale ya mwisho mama na ndugu humfundisha somo ambalo sisi hatuliwezi: akiuma kwa nguvu, mwenziwe hulia na mchezo hukoma. Aliyekosa somo hilo huja kwetu na meno makali kama sindano asiyejua kipimo chake.

Tangu juma la tatu mpaka kama la kumi na nne, akili yake i wazi kupokea mambo ya dunia. Alichokiona wakati huo bila kuumia hakimtishi baadaye. Asichokiona huweza kumtisha maisha yake yote, na mbwa mwenye hofu ndiye auma. Lakini pana shida. Katika majuma hayo hayo chanjo zake hazijatimia, na katika vumbi la njiani yamo maradhi yanayowaua watoto wa mbwa, hasa yale ya kuharisha damu. Njia iliyo bora ni kikapu. Mtieni katika kikapu chenye kitambaa, mkae naye barazani robo saa kila jioni, asikanyage chini, atazame tu. Kariakoo ni chuo kikubwa kwa jambo hili, wala hakitozi ada. Mkokoteni hupita ukigonga mawe, bodaboda hunguruma, mchuuzi hutangaza bei kwa kipaza sauti tangu asubuhi hadi usiku, na tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yamepita hatua chache tu kutoka sokoni. Kila sauti kubwa inapopita, mpeni kipande cha chakula. Baada ya siku chache ataanza kuwatazama ninyi badala ya kuutazama mkokoteni.

Sauti moja yataka uangalifu wa peke yake, nayo ni adhana. Mbwa wengi huitikia sauti ndefu kwa kulia, si kwa dharau, ni maumbile tu. Lakini yule aliyekaa akimsikiliza mwadhini hataki maelezo ya maumbile. Basi tangu juma la kwanza, adhana ya magharibi inapoanza, mtoto wa mbwa awe amekwisha kulazwa mahali pake, na apewe vipande vidogo, kimoja kimoja, kwa muda wote adhana inaposomwa. Mdomo wenye chakula haulii. Baada ya mwezi mmoja apewe cha mwanzo na cha mwisho tu. Tumeona nyumba ambamo jambo hili dogo limeondoa uadui mkubwa.

Sasa juu ya chakula hicho cha tuzo. Wenye fedha hununua vidonge vya dukani. Hapana haja. Dagaa wakavu wapo, na wamekuwapo tangu kabla ya soko kuu, lile jengo alilolichora Bwana Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Dagaa mmoja hukatwa vipande vitatu au vinne, kila kimoja kadiri ya punje ya hindi. Walio na chumvi waoshwe na kuanikwa tena. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa maana huvunjika vipande vikali vya kuchoma matumbo. Wala msimpe mabaki ya mchuzi wenye vitunguu vingi, kwa kuwa vitunguu humharibu damu.

Mtoto wa mbwa ni kibarua wa kutwa, siye mtumishi wa mshahara wa mwezi. Hakubali kungoja tarehe ishirini na tano. Akifanya jambo jema mkamlipa baada ya dakika moja, hajui amelipwa kwa lipi. Labda adhani amelipwa kwa kujikuna. Malipo yatakiwa mara ile ile, kabla hujakupua jicho. Na kwa kuwa mkono huchelewa kuingia mfukoni, wafundishaji wenye akili hutumia sauti fupi iliyo kama hati ya malipo: sauti ikitoka, malipo yamethibitika, nayo yatafuata. Sisi hupiga kidoko kwa ulimi, jambo lisilohitaji chombo. Kwanza hupiga kidoko, humpa dagaa, kidoko, dagaa, mara ishirini hivi kwa siku mbili, bila kumtaka afanye lolote. Akishageuza kichwa asikiapo kidoko, amekwisha kufahamu.

Wako watakaosema kwamba huu ni upuuzi wa Kizungu na kwamba mnyama hufunzwa kwa fimbo. Basi na waende Morogoro. Huko shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewafundisha panya buku, panya hawa hawa wa mashambani kwetu, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Makohozi ya wagonjwa kutoka zahanati za Dar es Salaam nayo yamepelekwa kwao, wakanusa mna kifua kikuu au hamna. Panya hao hawapigwi. Hufunzwa tangu wadogo kwa mlio mdogo wa kidude cha kubonyeza, na baada ya mlio hupewa ndizi au karanga. Kazi ya kufundisha panya mmoja huchukua kama miezi tisa. Mmoja wao aliyezaliwa Morogoro, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na Septemba 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022. Ikiwa panya ameweza kufunzwa kwa ndizi kazi ambayo kosa moja ni mauti ya mtu, hatuoni kwa nini mbwa ashindwe kufunzwa kwa dagaa kuketi barazani.

Tena fimbo ina madhara mengine. Mtoto wa mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kutonguruma, wala hajifunzi kutouma. Siku moja huuma bila kutoa onyo. Na yule anayesuguliwa pua katika mkojo wake hafahamu ya kuwa kosa ni mahali alipokojoa. Afahamu tu kwamba ni hatari kukojoa bwana akitazama, naye hutafuta uvungu wa kitanda. Licha ya hayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekataza kumtesa mnyama, na mtumishi wa Serikali haipendezi akafundishwa sheria na mgambo.

Tuje kwenye maneno ya amri. Hapa twaomba mtusikilize sana, maana ndipo nyumba nyingi zinapoharibu kazi. Mbwa hajui maana ya neno, ajua sauti yake. Basi maneno yawe mafupi, machache, na yasifanane. "Njoo" na "ngoja" zote zaanzia puani. Usimpe mbwa zote mbili. Chagueni "njoo" na "subiri." Neno "kaa" lina hasara kubwa zaidi. Katika ua wa Kariakoo "kaa" husemwa tangu asubuhi: kaa kitako, unakaa wapi, niletee kaa la moto. Mtoto wa mbwa alisikiapo mara mia bila kulipwa, hulihesabu kuwa kelele za watu. Tumieni "keti," ambalo halisemwi ovyo. La kumkataza liwe "acha," nalo lisemwe kwa sauti nzito ya chini pasipo kufoka.

Wako waonao fahari kumwamrisha mbwa kwa Kiingereza, ati Kiswahili hakisikii. Mbwa hakuzaliwa na lugha. Sababu ya kutumia Kiswahili ni kwamba siku mbwa atakapofunguka bwana yu kazini, aliyeko uani ni bibi mzee wa chumba cha nne, na yeye ndiye atakayehitaji neno la kumsimamisha.

Kumfundisha "keti" ni kazi ya siku moja. Shika dagaa mbele ya pua yake, uupandishe mkono polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kikifuata juu, makalio hushuka chini yenyewe. Yanapogusa sakafu, kidoko, mlipe. Usimkandamize mgongo. Akishafanya mara kumi bila kukosa, ndipo useme "keti" kabla ya kuupandisha mkono. Wengi hukosa hapa, huanza kusema neno siku ya kwanza, tena mara tano mfululizo, "keti, keti, keti," hata mbwa akaamini kwamba amri ni yale matano pamoja.

"Subiri" ndiyo elimu kubwa. Akiwa ameketi, sema neno, hesabu moja, mlipe kabla hajainuka. Kesho hesabu tatu. Baadaye kumi. Kisha rudi nyuma hatua moja, umrudie, umlipe pale pale alipo. Akiinuka usimkaripie, umemtaka zaidi ya uwezo wake, punguza hesabu. Darasa lisizidi dakika tano, mara tatu kwa siku, naye awe na njaa kidogo. Anayemfundisha mtoto wa mbwa nusu saa nzima humfundisha kuchoka.

"Njoo" lina sharti moja tu, lakini ni zito. Usimwite kamwe kwa jambo baya. Ukitaka kumwosha, kumfunga au kumtoa funza, mfuate mwenyewe alipo. Aliyeitwa akaja, hata kama ametoka kula kandambili zako, apokewe kwa furaha na alipwe. Akipigwa siku hiyo, hutamwona tena ukimwita, na njia ya magari i karibu.

Sasa twafika kwenye gunia. Tafuteni gunia la katani, mlikunje, mliweke kona moja ya ua palipo na kivuli, mbali na bomba, mbali na kamba za nguo, na mbali na mkeka wa anayesali. Hapo ndipo mahali pa mbwa. Mtupieni dagaa juu yake, akipanda mlipeni tena, akilala mlipeni mara mbili. Chakula chake chote apewe hapo. Baada ya majuma mawili semeni neno "guniani" kabla ya kutupa.

Kisha fanyeni jambo ambalo kwa maoni yetu lina faida kuliko yote tuliyosema. Mfundisheni "hodi."

Katika nyumba ya wapangaji hodi hupigwa mara nyingi kwa siku. Mgeni husema hodi, mtu hujibu karibu, na hapo hapo mbwa hurukia mlango. Wageni hukimbia, watoto hupiga kelele, mbwa hupata mchezo mzuri, na kesho hungoja mwingine. Badala yake, mwombeni mtoto wa jirani asimame mlangoni aseme "hodi." Mara asikiapo neno, mmoja wenu atupe dagaa guniani. Hodi, gunia, dagaa. Neno sharti litangulie, dagaa afuate. Ukigeuza mpango hapana somo. Hili lilithibitishwa zamani na mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa namna chakula kinavyosagwa tumboni. Aliona kwamba mbwa wake walitokwa na mate kwa ishara iliyotangulia chakula, hata kabla chakula hakijaonekana. Mkirudia mara kumi kila jioni, katika mwezi mmoja mtaona ajabu: mgeni apiga hodi, naye mbwa akimbilia kona yake na kuketi.

Mtauliza, je, si tumeharibu ulinzi? Hata kidogo. Mwizi hapigi hodi.

Kwa kuwa mafunzo haya yahitaji watu wa nyumba nzima, mwenye mbwa hana budi kuwaomba wenziwe mapema, tena kabla ya kumleta, si baada ya malalamiko. Akae nao barazani, awaambie: nataka kufuga, mbwa wangu atakuwa guniani kule, ataamriwa kwa maneno haya manne, na akikosea gharama ya sabuni ni yangu. Asiyetaka kumgusa asilazimishwe. Aweza kusaidia kwa kutomtupia mifupa tu. Watoto waonywe wasimvute mkia wala wasimsumbue anapokula au kulala. Na jina lake liwe jina tu. Desturi ya kumwita mbwa kwa maneno ya kumsuta jirani, ili mtu asimame uani akiita "Wambea! Wambea!" mchana kutwa, huchekesha siku moja na kuvunja nyumba mwaka mzima.

Habari ya choo haihitaji maneno mengi. Mtoto wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili hivi. Atoke kila aamkapo, kila amalizapo kula, na kila amalizapo kucheza, apelekwe mahali pamoja penye mchanga, angojwe, na akimaliza alipwe pale pale. Aliyeko kazini mchana kutwa amtafute kijana wa kumtoa na ampe chochote. Asiyeweza hilo asinunue mtoto, atafute mbwa mkubwa. Meno ya utoto huanza kung'oka kama mwezi wa nne, na mpaka wa sita atatafuna kila kitu. Apewe kamba nene au kipande cha kiatu? Kamba, ndiyo. Kiatu, la, hajui kupambanua kibovu na cha ofisini.

Tumebakiwa na jambo moja lililo zito. Kichaa cha mbwa huua. Mtu akishaanza kuonyesha dalili zake, tiba karibu haipo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kwacho kila mwaka, walio wengi mno Afrika na Asia, na katika wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, kama asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Mtoto wa mbwa achanjwe na daktari wa mifugo atimizapo miezi mitatu, arudiwe kwa tarehe atakayoandikiwa, na cheti chake kitunzwe pamoja na karatasi zenu za maana. Majirani wana haki ya kukiona. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku ile ile. Asipakwe pilipili, wala mafuta ya taa, wala unywele wa mbwa uliochomwa.

Mafunzo na chanjo hushikana kwa njia ambayo watu hawaioni. Mbwa asiyefunzwa hufungwa mnyororo kwa sababu hawezekani. Aliyefungwa mchana kutwa huwa mkali, na mkali hapati mtu wa kumshika apelekwe kuchanjwa. Mwisho mwenyewe humchukua usiku akamtupe bondeni Jangwani, naye huko huwa mbwa koko, ndipo watu huanza kuulizana nani amewaleta mbwa hawa mjini. Ametoka nyumbani kwa mtu, na pengine mtu mwenye tai. Kwa hiyo, tangu awe mdogo, kila siku mshikeni masikio, mfungueni mdomo, mnyanyueni miguu, kwa dagaa, ili siku ya sindano asione geni.

Wanachama wengi huhamishwa kituo kwa taarifa fupi, na wengine huenda likizo mikoani. Kabla ya kuondoka, yaandikeni yale maneno manne kwenye karatasi: njoo, keti, subiri, acha, na chini yake guniani na hodi. Ibandikeni mlangoni pa ua, kwa herufi kubwa ambazo bibi wa chumba cha nne ataziona bila miwani, na mwacheni na kopo la dagaa. Tumeleta nakala chache zilizokwisha kupigwa chapa, ziko kwa Bwana Katibu.

 Kwa ruhusa ya Bwana Mwenyekiti, tu tayari kwa maswali.